Weupe wa Jioni Moja

Kituo kizima cha polisi kilikuwa kinamcheka Inspekta Mbuke, na mwenyewe alikuwa hana habari. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya jengo, sketi ya kazi ameikunja magotini, macho ameyakodolea raba mbili kuukuu zilizoanikwa juani juu ya kipande cha bati. Pembeni yake, kivulini chini ya dirisha, kulikuwa na raba nyingine mbili zilizofungwa tishu nyeupe gubigubi, hazionekani hata ncha.

"Afande," Koplo Donati alimwita kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi, "wenzako wanauliza kama umefungua udobi. Wana soksi zao."

"Waambie wazilete. Ila wasubiri kwanza nimkamate mwizi."

"Mwizi si tunaye ndani?"

Mbuke hakugeuka. "Ndani tuna mtu, Donati. Mwizi bado."

Mtu mwenyewe alikuwa Yosefina, muuguzi wa zahanati moja ya watu binafsi kule Lumemo. Kisa kilichomtia mahabusu kilikuwa chepesi mno, na wepesi huo ndio uliomkera Mbuke tangu alipokabidhiwa jalada jana jioni. Jumapili, giza likianza kuingia na umeme umekatika, darubini mpya ya maabara, ile ya kupimia malaria, iliibwa. Mlinzi wa pale, mzee Kelestini, alimwona mtu akipenya kwenye tundu la uzio wa nyuma, amekumbatia kitu kifuani. Sura hakuiona. Alichokiona ni viatu, vyeupe pee, vinang'aa kwenye lile giza. Basi, hakuna zaidi.

Jumanne wageni wa mkoa wakaja kukagua zahanati. Metroni akawapanga wafanyakazi barazani mstari mmoja, na loo, viatu vya mstari ule vilikuwa vya kila rangi: vya vumbi, vya tope, vya kijivu, vya njano. Pea moja tu ilikuwa nyeupe, na ilikuwa ya Yosefina. Wageni wakampigia makofi. Makofi hayajaisha, sauti ikatoka huko nyuma, "Mzee Kelestini, viatu ulivyoviona Jumapili si kama hivyo?" Mzee wa watu akasema kweli, kwamba vinafanana. Polisi wakaitwa, na Yosefina akafungwa pingu palepale, mbele ya kina mama waliojaa kwenye benchi la kliniki wakisubiri kupimwa mimba zao.

Na leo mchana, baada ya chakula, difenda la polisi lilikuwa limpeleke mahakamani. Akishasomewa shitaka, kazi hana. Metroni alishalisema hilo bila kupepesa macho. Na muuguzi aliyefukuzwa kwa wizi nani atamwajiri tena katika bonde hili, kuanzia Ifakara mpaka Mngeta? Hata wa kumpa sindano ashike hayupo.

Jana usiku ule, kabla hajaondoka kituoni, Mbuke alikuwa amemuuliza Yosefina swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Dada, viatu vyako unaviosha na nini?"

Yosefina alikuwa amejiinamia tangu aletwe. Hapo ndipo alipoinua kichwa, hasira zimemjaa usoni. "Kazi mmenivua, heshima mmenivua, viatu mmenivua. Sasa mnataka na ufundi wa kufulia?"

"Ndiyo, nautaka."

Muuguzi alimtazama kwanza aone kama anadhihakiwa. Alipoona sivyo, akaeleza. "Navisugua kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Kwenye soli napaka dawa ya meno. Penye njano nakamulia ndimu. Halafu nasuuza, nasuuza tena, mpaka maji yatoke hayana povu. Vikiwa bado vibichi navifunga tishu, naviweka ndani, mbali na jua. Njano iliyobaki inatoka pamoja na maji, inakimbilia kwenye karatasi. Siku ya kufungua, karatasi ndiyo imekuwa njano, kiatu kimebaki cheupe."

"Vinakauka baada ya muda gani?"

"Kwa unyevu huu? Nilivifunga Jumapili nilipotoka kanisani. Jumatatu usiku ndiyo vikawa vya kuvaliwa. Jumapili jioni yote nilikuwa na ndala, afande, tena nimejifungia kwangu. Lakini nani aliniona? Naishi peke yangu."

"Kwa nini usivianike juani vikauke haraka?"

"Wapo wanaofanya hivyo. Wanachota klorini ile ya kupigia deki, wanaviloweka humo, vinakuwa vyeupe mpaka unafumba macho. Halafu wanavianika juani."

"Halafu?"

"Halafu wanajuta," Yosefina alisema, akainama tena.

Neno hilo lilimkosesha Mbuke usingizi. Usiku uleule alikwenda kupekua chumba cha Yosefina, akazikuta zile tishu kwenye ndoo ya taka, ngumu, zimekauka kwa umbo la kiatu, zina njano kama alivyosema. Aliporudi nazo mbio kituoni, mkuu wa kituo alizitazama, akamtazama na yeye. "Karatasi hizi zinaniambia aliosha viatu. Zinaniambia ni siku gani? Niletee mtu, Mbuke, usiniletee taka." Kusema kweli, mkuu alikuwa na haki.

Ndiyo maana alfajiri Mbuke aliokota raba nne za mazoezi zilizosahauliwa stoo. Mbili akaziosha kwa njia ya Yosefina. Mbili akaziloweka kwenye klorini kali, hata kamba hakuzitoa, akazisuuza mara moja tu kama mtu mwenye haraka, akazianika. Zilipotoka kwenye ndoo zilikuwa nyeupe za kutisha. Na sasa jua la Ifakara limepanda utosini, na amekaa hapa jasho linamtiririka mgongoni, anasubiri aone majuto yenyewe yanafananaje.

"Donati! Acha chai! Njoo!"

Koplo alikuja mbio akidhani bosi wake ameumwa na nyoka. Mbuke alikuwa ameinyakua raba moja kutoka kwenye bati, anaigeuzageuza, anacheka peke yake.

"Asubuhi raba hii ilikuwa na rangi gani?"

"Nyeupe, afande. Nyeupe kuliko shati la mkuu."

"Na sasa?"

Donati akakunja pua. Raba ilikuwa imepiga njano juu, pembeni, mpaka kwenye pindo, njano ya meno ya mvuta sigara. "Imeharibika kabisa."

"Sasa tazama hapa." Mbuke akaivuta kamba, ikatoka kwenye matundu yake. Chini yake kulikuwa na mistari, kila mahali kamba ilipopita, myeupe pee, safi, kana kwamba imechorwa kwa chaki. Akaufunua ulimi wa kiatu. Na wenyewe kwa ndani ulikuwa mweupe.

"Jua halikufika huku," Donati alisema polepole.

"Halikufika! Sasa nisikilize, maana nikinyamaza nitapasuka. Sisi sote tumekuwa tukiuliza nani alikuwa na viatu vyeupe Jumanne. Ujinga mtupu! Mzee Kelestini aliviona Jumapili. Kati ya Jumapili na Jumanne kuna Jumatatu nzima ya jua. Simtafuti mwenye viatu vyeupe, Donati. Namtafuta mwenye viatu vya njano kuliko wenzake wote!"

Koplo aliiweka ile chai chini, mzaha umemwisha. "Afande, difenda la mahakamani linaondoka baada ya chakula."

"Basi leo hatuli."

Pikipiki ya kituo iliwafikisha Lumemo wote wawili wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Kelestini alikuwa getini, amekaa kwenye kigoda chake, amenyong'onyea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sikumtaja mtu, nakuambia. Mimi nilitaja viatu. Huyo binti alinichoma sindano zangu za mgongo, hakuwahi kuniumiza hata siku moja. Leo nalala vipi?"

"Hujakosea kitu, baba. Umesema ulichokiona. Nataka uniambie ulichokisikia."

Mzee akafikiri, akakuna kidevu. "Vilikuwa vinalia. Chwa, chwa, chwa. Kama mtu aliyetoka kuvuka mto."

"Jumapili mvua ilinyesha?"

"Hata tone. Nilishangaa nikadhani labda amekanyaga dimbwi. Hakuna aliyeniuliza, nikaona ni upuuzi."

Mbuke na Donati wakatazamana. Vilikuwa vimelowa! Mtu yule aliviokota moja kwa moja kwenye ndoo, akavaa, akaondoka navyo. Mbuke alihisi mikono inamwasha kwa hamu, lakini alijilazimisha kwenda kwa utaratibu, akaanza na maabara.

Fundi wa maabara alikuwa kijana mmoja mrefu aitwaye Beno, na ufunguo wa chumba kile ulikuwa wake. Alijibu kila alichoulizwa huku jasho likimtoka. Alisema ufunguo huwa unatundikwa kwenye msumari barazani, kila mtu anaujua. Donati alikuwa anafungua makabati. Ghafla akapiga ukelele.

"Afande! Huyu hapa! Nimempata!"

Alikuwa ameinua boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na raba nyeupe, mpya, zinametameta. Beno akaganda. Donati alishaanza kutafuta pingu kiunoni.

Mbuke alizichukua raba zile, akazipindua. Soli hazikuwa na chembe ya vumbi. Ndani ya vidole bado kulikuwa na karatasi za dukani zimesokotwa. Kisha akaziweka sakafuni kando ya miguu ya Beno, miguu mirefu hasa, akaangalia, akaangalia tena.

"Beno, hizi za nani?"

"Za Agnella," kijana alisema kwa shida. "Mchumba wangu. Anaanza chuo cha uuguzi. Nilizificha hapa nimshtukize, afande, naapa."

"Wahi kumpelekea," Mbuke alimrudishia boksi, "kabla hazijawa njano. Donati, rudisha pingu."

Koplo alirudisha pingu akiwa ameona aibu. Metroni naye alikuwa amekuja mlangoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, anataka kujua upelelezi huu unaisha lini kwa sababu ana wagonjwa.

"Unaisha sasa hivi ukinijibu," Mbuke alisema. "Jumanne, kwenye ule mstari, nani alikuwa na viatu vibaya kuliko wote? Vya njano kuliko wote?"

"Aka! Usinikumbushe. Tabibu wangu, Joachim. Njano ile sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Nilimtoa mstarini nikamfungia stoo mpaka wageni waondoke, maana angetuaibisha."

"Stoo iko wapi?"

"Hiyo hapo nyuma ya baraza."

"Ile sauti iliyomuuliza mzee Kelestini kuhusu viatu ilitokea wapi?"

Metroni aligeuka kuitazama stoo. "Dirishani," alisema. "Dirishani pa stoo."

"Na zamu ya Jumapili mchana ilikuwa ya nani?"

Safari hii sauti ya metroni ilishuka kabisa. "Ilikuwa yake."

Joachim aliwapokea kwenye chumba chake cha kuonea wagonjwa kwa tabasamu la meno yote. Mtanashati, ndevu zimechongwa, koti limepigwa pasi. Viatu tu ndivyo vilivyokuwa havifanani naye. Tena hakuvificha. Alikuwa ameinyoosha miguu mbele ya meza, mtu asiyetaka kuviona ingembidi afumbe macho.

"Karibu, afande. Karibu kiti."

"Asante, daktari. Pole kwa viatu."

Akacheka sana. "Si unaviona mwenyewe? Mimi na kufua ni mbalimbali. Tangu nivinunue sijawahi kuviosha hata siku moja. Mwaka mzima viko hivihivi. Metroni amesema mpaka amechoka. Ndiyo maana niliposikia mwizi ana viatu vyeupe nikasema asante Mungu, hapo mimi simo!"

"Hujawahi kuviosha."

"Kamwe. Niape?"

"Usiape. Jumapili uliondoka hapa saa ngapi?"

"Jua bado liko juu. Nikatoka kwa geti kubwa la mbele, nikashika barabara ya lami mpaka nyumbani. Mlinzi hakuniona kwa sababu yeye na usingizi ni ndugu."

Nje ya mlango mzee Kelestini, aliyekuwa amewafuata, alisikika akiguna. Mbuke alitikisa kichwa kana kwamba ameridhika. Donati alikuwa anaandika.

"Fungua kamba," Mbuke alisema.

"Nini?"

"Kamba za viatu vyako, daktari. Zifungue."

Tabasamu lilibaki pale lilipokuwa, ila macho hayakuwa nalo tena. "Afande, nimesimama tangu asubuhi. Miguu inanuka."

"Nimeshafukua maiti ya wiki mbili kwenye shamba la miwa. Sitazimia. Fungua."

Hakufungua. Basi Mbuke akapiga magoti mwenyewe, akamshika kifundo cha mguu, akalifungua fundo la kamba, akaivuta. Donati aliinama. Metroni akaingiza kichwa. Na chini ya kila mahali kamba ilipokuwa imepita, mistari ikajitokeza, myeupe, safi, inacheka. Ulimi wa kiatu ulipofunuliwa, ndani yake kulikuwa na weupe wa kufanya mtu afumbe macho.

"Mama yangu!" metroni alisema. "Ndivyo vyenyewe!"

Joachim akavuta mguu. "Haya, niliviosha! Kwani kuosha viatu ni kosa la jinai? Nilitaka wageni wavikute vizuri, vikaharibika, nikaona aibu kusema. Mtanifunga kwa hilo?"

"Kwa hilo, hapana," Mbuke alisema, na bado alikuwa amepiga magoti, maana alikuwa ameona kitu kingine. Kati ya ulimi na turubai, pale mshono unapoanzia, kulikuwa na vitu vidogo vya rangi ya dhahabu vimeganda. Akachukua kalamu ya Donati, akabandua kimoja, akakiweka kiganjani. "Hiki ni nini, daktari?"

"Pumba."

"Pumba za mpunga."

"Hapa ni Ifakara, afande! Pumba ziko kila mahali. Hata kwenye chai ya Koplo zimo."

"Zipo kila mahali, sikatai. Lakini haziwezi kupanda mpaka ndani ya ulimi wa kiatu kikavu zikaganda. Hizi zilinata kiatu kikiwa kimelowa. Na zimefika huku juu, maana yake mguu ulizama. Barabara ya lami uliyopita wewe ina lundo la pumba la kuzamisha mguu?"

Nje, nyuma ya zahanati, injini ya trekta ilinguruma. Mbuke alimwona Joachim akitupa jicho dirishani, kisha mabega yake yakashuka, akapumua, kama mtu aliyekuwa anasubiri kitu na sasa kimefika. Ni pumzi hiyo iliyomwinua Mbuke kutoka sakafuni.

"Metroni! Nyuma ya uzio wenu kuna nini?"

"Mashine ya kukobolea mpunga."

"Na lile trekta?"

"Watu wa tofali. Huja kuzoa pumba wakachomee tanuri lao."

Mbuke hakusikia mwisho wa sentensi. "Mshike huyu!" alimpigia Donati kelele, na yeye alishatoka, amepita baraza, amepita kamba za nguo za wodi, amefika kwenye tundu la uzio. Waya ukamchana mkono wa shati. Akapenya. Mbele yake lundo la pumba lilikuwa limebaki nusu, na tela lilikuwa limejaa, na trekta ndiyo kwanza linaanza kujivuta.

"Zima! Zima trekta! Polisi!"

Dereva aliona mwanamke anamjia mbio mikono juu, nywele zimejaa vumbi. Badala ya kuzima, akaongeza moto. Mbuke akalikimbilia tela, akashika ubao wa nyuma, akajirusha ndani, akazama mpaka kiunoni. Wabebaji waliokaa juu ya mzigo walipiga mayowe.

"Mwambieni azime! Kuna mali ya wizi humu!"

Wakagonga bodi ya tela kwa nguvu zote. Trekta likasimama. Mmoja wao alishainua koleo ili asaidie kufukua, Mbuke akamshika mkono. "Weka chini! Kuna vioo! Mikono mitupu tu, taratibu!"

Wakafukua. Watu wa mashine nao wakaja, wengine wakashika lundo lililobaki chini, wengine tela. Wengine hawakujua hata kinachotafutwa, wanafukua tu. Pumba ziliwaingia puani, machoni, kwenye shingo. Wakati wote huo Mbuke alikuwa anafikiria difenda. Wameshakula sasa. Wameshamtoa. Wameshampandisha.

"Ni hiki?" sauti ilitoka chini, kwenye lundo.

Mwanamke mmoja mpembuzi wa mchele alikuwa ameshika pindo la shuka la kijani, shuka la zahanati. Mbuke akaruka kutoka kwenye tela. Wakalitoa pamoja, wakalifungua. Darubini ilikuwa ndani, nzima, hata kioo hakikuwa na mkwaruzo. Pale pale watu walishangilia kama timu yao imefunga goli, na Mbuke, inspekta mzima, akajikuta amemkumbatia yule mpembuzi na wote wawili wanaruka.

Donati alikuwa amefika uzioni na Joachim, amemfunga pingu. Tabibu alipoiona darubini aliketi chini kwenye majani.

"Umeme ulipokatika nikaona ndiyo nafasi," alisema bila kuulizwa. "Viatu vilikuwa kwenye ndoo, ndala zangu zilikatika. Nikavaa hivyohivyo. Nilijua lundo hili halizolewi mpaka mwisho wa mwezi, nije kuichukua taratibu. Leo asubuhi nikasikia wanakuja. Nikasema haya, bora ikaungue, mradi isikutwe."

"Na Yosefina?"

Joachim akainua mabega. "Nilijua wangemwachia tu baadaye."

Mbuke alitaka kumpiga kofi. Alilitaka kofi lile mpaka kiganja kilimuuma. Badala yake akachomoa simu.

"Mkuu, usimpeleke!"

"Difenda limeshaondoka, Mbuke."

"Lirudishe! Nina darubini mkononi na mwizi miguuni pangu!"

Akamsikia mkuu akipiga kelele kwenye redio ya upepo, mara mbili, tatu, jina la dereva.

Mbuke alilikuta difenda limesimama kando ya barabara, karibu na njia panda ya kuelekea Lumemo. Yosefina alikuwa ameshushwa. Askari walishamfungua pingu na kumwambia habari, lakini alikuwa amesimama palepale kama hajaelewa, anajisugua viganja.

"Uko huru, dada," Mbuke alimwambia, pumzi zinamwisha. "Tumempata. Ni Joachim. Nenda nyumbani ukapumzike, kesho utakuja kuandika maelezo."

"Siendi nyumbani."

"Sasa unataka kwenda wapi?"

Yosefina akamtazama usoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini pale barabarani alionekana mkubwa. "Mlinichukua na gari hili mbele ya wagonjwa wangu. Nirudisheni na gari hili mbele ya wagonjwa wangu. Na wewe useme. Kwa sauti."

Dereva akacheka kidogo. Mbuke akamkata jicho.

"Panda," Mbuke alisema. "Kaa mbele."

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa kama jana. Difenda lilipoingia getini kina mama wote waligeuka, na waliokuwa wananyonyesha wakawafunika watoto. Yosefina akashuka. Mbuke akashuka, akasimama mbele yao, shati limechanika, pumba zimemjaa kichwani. Ameshazoea kusema mbele ya mahakimu na mawakili, si mbele ya benchi la kliniki.

"Jana tulimchukua huyu mbele yenu," alisema, "tukamwita mwizi. Tulikosea. Hakuiba kitu. Aliyeiba tumemkamata, na darubini imepatikana. Yosefina hana kosa lolote, na sisi polisi tunamwomba radhi. Mimi namwomba radhi."

Kina mama walibaki wamekaa, macho kwa Yosefina. Metroni alikuwa barazani, anatazama sakafu. Mbuke akaanza kuogopa kwamba maneno hayakutosha, kwamba neno la jana ndilo watakalokwenda nalo nyumbani.

Mwishoni mwa benchi mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akajinyanyua kwa shida, mkono kiunoni, akaja mpaka mbele. Akamnyooshea Yosefina kadi yake ya kliniki.

"Nesi, jana waliniita nikapimwe na mwingine," alisema. "Nikakataa. Nikawaambia namsubiri wangu."

Yosefina aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

"Tangulia ndani, mama," alisema. "Nanawa mikono, nakuja."